Rangi ya Treni ya Abiria

Jumanne, 4 Machi

Injini imerudi kutoka karakana. Iliondoka hapa ya kijivu, imerudi ya kijani — kijani kile kile cha treni ya abiria, na mstari wa rangi ya maziwa ubavuni, na nembo ya zamani ya gurudumu lenye mbawa. Nilisimama uwanjani kama mtu aliyemwona marehemu akivuka barabara.

Ndani hakijabadilika kitu. Skrini mbili, kiyoyozi, kiti kinachopanda na kushuka. Mwaka jana viti vyake vilikuwa bado vimevikwa nailoni. Ni kijana aliyevalishwa koti la babu yake.

Meneja alitukusanya kivulini akatueleza. Njia yetu inatimiza miaka mia. Kampuni inataka wananchi wakumbuke walikotoka, ndiyo maana injini moja imepakwa rangi za shirika la zamani, lile lililokufa pamoja na treni zake za abiria mwaka binti yangu alipoanza darasa la kwanza. Sasa binti yangu ana mtoto. Itavuta mizigo kama zingine, ila ipite polepole kila stesheni, watu waione, wapige picha. Dereva wake ni mimi. Eti sina doa kazini. Wenzangu wameniita bwana harusi kutwa nzima.

Msaidizi wangu atakuwa yule yule, Kimya. Tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Mwanamke wa kazi, macho makali kuliko yangu. Aliizunguka injini, akaigusa rangi, akakitazama kidole chake. Hakusema neno. Hilo tu lilinitia wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi

Safari ya kwanza na kijani. Mabehewa bapa, makontena juu yake, mengine yanarudi matupu. Treni ndefu, nzito, mvivu wa kusimama.

Stesheni tatu za kwanza ni watoto tu, wanakimbia kando ya reli. Si jambo jipya. Ya nne ni Kwetu, nilikozaliwa, mama yangu anakoishi. Nikapunguza mwendo kama nilivyoagizwa. Nikapiga honi.

Watu walitoka madukani. Nimepita hapo na mizigo miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyewahi kuinua uso. Leo fundi cherehani alitoka na suruali ya mtu mkononi. Mwanamke mmoja aliitua ndoo yake ya maji barabarani, akashika kichwa. Na kwenye jukwaa la stesheni, lile lililoota nyasi hadi magotini, mzee mmoja alivua kofia. Nilimjua. Tunamwita Stesheni Masta mpaka leo, ingawa stesheni yake haina mlango wala dirisha, waliviiba vyote. Aliishika kofia kifuani mpaka behewa la mwisho likapita.

Kimya akasema, kumbe watu wanapenda rangi namna hii.

Nikamwambia si rangi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kapiga simu kabla sijanawa uso. Hakunisalimu.

"Umepita na treni yetu, hukuniambia hata mimi niliyekuzaa."

Nikamwambia ni treni ya mizigo, mama, ile ile. Akasema mizigo anaijua, mizigo ni ya kijivu. Nikamweleza habari ya miaka mia, ya kumbukumbu, ya picha. Akanisikiliza vizuri sana, kama anavyomsikiliza mtoto anayedanganya. Halafu akasema, haya, najua mmekatazwa kusema. Akakata simu.

Mke wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Alisema mama yako akishaamini jambo, hata malaika akishuka kumkanusha ataombwa kitambulisho.

Jumanne, 11 Machi

Jukwaa la Kwetu limefyekwa. Tulilikuta safi, nyasi zimerundikwa pembeni zinakauka. Wanaume wanne na mafyekeo yao wametupungia mkono. Ukutani pana bango jipya la kampuni, jekundu, maandishi makubwa: TUNARUDISHA HISTORIA. Mabango hayo yamebandikwa kila stesheni. Sijui ni nani huko ofisini aliyechagua neno hilo la kwanza.

Pale benchi lilipokuwa alikaa mwanamke juu ya begi lake. Kimya akacheka — bosi, tuna abiria. Yule mwanamke akainuka. Akanyoosha mkono kama mtu anayesimamisha gari. Tulipokaribia akaona hatupunguzi zaidi, akaushusha taratibu, akajifanya anajikuna shingo.

Kimya akageukia skrini yake. Hakucheka tena mpaka machimboni, mwisho wa njia yetu.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka Kwetu sasa hivi. Nilikwenda na basi. Barabara imekufa kabisa. Mvua imeikata pale bondeni, abiria tunashuka, basi linavuka tupu likiyumba, tunapanda tena upande wa pili na matope mpaka magotini. Mgongo wangu bado unalia.

Nilikwenda kumaliza uvumi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njiani.

Nimemkuta mama kwenye ngazi! Umri ule! Anapaka chokaa kibanda chake cha stesheni, kile alichouzia chai na mayai ya kuchemsha nilipokuwa mtoto, akikimbia na sinia dirisha hadi dirisha. Kimekuwa choo cha mbuzi tangu treni ife. Sasa ni cheupe. Ndani kuna mabenchi mawili mapya, chupa za chai, vikombe bado vimefungwa kwenye magazeti. Nikauliza vimetoka wapi. Akasema ameuza cherehani.

Cherehani! Ndiyo inayomlisha. Anawashonea nusu ya watoto wa shule pale mjini.

Nikamwambia ashuke. Nikamkalisha kwenye moja ya mabenchi yake. Nikamwambia, "Mama, nisikilize. Ni rangi tu. Hakuna behewa la abiria hata moja. Yote yalikatwakatwa yakauzwa chuma chakavu, niliyaona kwa macho yangu."

"Nani anapaka nyumba rangi kama hana wageni?"

"Kampuni."

"Dalili ya mvua ni mawingu, baba."

"Mawingu mengine hupita tu, mama."

Akanishika goti. Akasema madereva ndio huwa wa mwisho kuambiwa. Akasema hata ilipokufa, baba yangu mdogo aliyekuwa dereva aliambiwa na wauza karanga. Na hilo ni kweli.

Nikaenda kwa Stesheni Masta, nikidhani huyu ni mtu wa kazi, atanielewa. Nimemkuta anafagia chumba cha kungojea kisicho na paa. Akanieleza, kwa heshima zote, kwamba ofisi ilimpigia simu. Walimwomba picha za zamani za stesheni. Wamemwalika awe mgeni kwenye sherehe. Wakamwambia, mzee, tunarudisha. Nikamuuliza tunarudisha nini. Akasema mwanangu, bango si unaliona.

Nikazunguka na kauli yangu moja mji mzima. Ni rangi tu. Ni rangi tu. Fundi cherehani akanikonyeza jicho. Muuza duka akaniuliza kama tiketi zitakatiwa pale pale au kwa simu.

Mtu mmoja tu hakunifanyia mzaha, mke wa Mpagazi. Mpagazi alibeba mizigo ya abiria stesheni ile maisha yake yote, mabega mapana kama mlango. Sasa amelala. Figo. Miguu imevimba imekuwa kama si yake. Mama mdogo, ndivyo ninavyomwita tangu utoto, alinisindikiza mpaka nje akaniuliza kwa sauti ya chini: hospitali kubwa wamemwita, treni itaanza lini hasa, maana barabara ile hataimaliza. Nikamwambia asisubiri treni. Akaitikia. Lakini alikuwa ananitazama mdomo, si macho, kama anayetafuta neno nililolificha nyuma ya meno.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa meneja. Nimemwambia watu wanaelewa vibaya. Wameuza vitu. Kuna mgonjwa. Naomba bango litolewe, au gari la matangazo lipite liseme ukweli: hakuna treni ya abiria.

Alinipa kiti. Si mtu mbaya, hilo ndilo tatizo lake. Akasema picha za watu wakishangilia zimewafurahisha sana wakubwa. Akasema hatujamdanganya mtu, hatujasema popote kwamba treni inarudi. Watu wakifurahi wenyewe, je, ni kazi yetu kuwavunja moyo?

Nikamwambia basi dereva mwingine apewe ile injini. Akasema ukitoka wewe atapita mwingine, na yeye hatapunguza mwendo.

Kimya alikuwa ananisubiri langoni. Alinitazama tu uso, akasema twende tukale.

Jumanne, 25 Machi

Mama kapiga simu asubuhi. Kwa furaha. Ndugu wa Mpagazi walikuwa wamepata gari la kumpeleka hospitali kubwa. Mama mdogo amelirudisha. Atasubiri treni, humo atalala chali, hatatikiswa.

Nilimpigia mama mdogo papo hapo, injini inanguruma nyuma yangu. Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mtu mzima namna ile. Aliningoja nimalize. Halafu akasema, "Mwanangu, juzi tulimweka kwenye gari. Kufika bondeni akapiga ukelele tukamrudisha. Sasa wewe niambie. Nifanye nini?"

Nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikasema Alhamisi nitasimama.

Kimya alikuwa amesikia. Kusimama bila idhini ni kufukuzwa, sisi wawili, na kamera iko juu ya vichwa vyetu. Ana watoto watatu na hakuna baba. Nikamwambia anaweza kuomba ruhusa ya ugonjwa siku hiyo. Akasema na huyo mzee utampandishaje peke yako, kwa winchi? Akaendelea kukagua breki.

Tumepanga. Dakika chache. Tumlaze sakafuni nyuma ya viti, pana nafasi ya godoro jembamba. Bohari ya treni, mwisho wa safari, tunafika jioni; hospitali kubwa ni ng'ambo ya barabara. Wakitufukuza watufukuze akiwa wodini.

Leo nimekula vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi, 27 Machi

Meneja alipanda stesheni iliyotangulia Kwetu, tukishuka kutoka machimboni. Yeye na mpiga picha. Hatukuambiwa. Alifungua mlango akasema anataka kuona mwenyewe mapokezi ya wananchi.

Nilimwangalia Kimya. Akaangalia reli.

Walikuwa wamemleta Mpagazi jukwaani. Niliwaona tangu kwenye kona. Godoro chini, shuka jeupe, watu wamelizunguka, mwamvuli umeshikwa juu ya uso wake. Mama alikuwa upande mmoja na chupa ya chai. Mama mdogo alikuwa amevaa nguo ya safari. Pochi kwapani. Aliponiona dirishani alianza kukunja shuka, kama mtu ambaye zamu yake imefika.

Nikasema, "Bosi, kuna mgonjwa pale. Naomba dakika mbili."

Akachungulia. Alimwona. Hawezi kusema hakumwona. Akasema kampuni haina bima ya abiria. Akasema ukisimama kwa mmoja utasimama kwa wote. Akasema punguza zaidi, mwenzetu apate picha.

Mkono wangu ulikuwa kwenye breki. Niliupunguza mwendo. Mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Mama mdogo alitembea nasi. Alitembea sambamba na dirisha langu, akinitazama, bila kusema, akidhani ndio nasimama. Alifika mwisho wa jukwaa. Jukwaa likaisha.

Meneja aliniambia asante, umeipitisha vizuri.

Jumamosi, 29 Machi

Mpagazi amefariki. Asubuhi, nyumbani kwake.

Mama kanipa habari kwa maneno manne na hakuongeza.

Jumatatu, 31 Machi

Nimetoka mazishini.

Sikutaka kwenda, mke wangu akanivalisha viatu kama mtoto. Tulikwenda wote. Bondeni tulishuka tukavuka matope, na nikafikiria kwamba hapa ndipo alipopiga ukelele.

Hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea. Mama mdogo alinipa mkono akanishukuru kwa kuja, akaniuliza kama nimekula. Nilikaa nyuma ya nyumba na wanaume wengine nikichokoa udongo kwa kijiti. Walikuwa wanazungumza habari za bei ya saruji.

Stesheni Masta akaja kukaa kando yangu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kikazi, "Siku ile, uliagizwa upite?"

Nikasema niliagizwa.

"Basi kama uliagizwa," akasema. Akanipigapiga mgongoni. Ni mtu wa reli, kwake neno hilo linamaliza kesi. Kwangu halikumaliza kitu.

Mama hakunitolea machozi wala ukali. Kibanda chake amekifungua. Watu wa msibani wanakunywa chai humo, kwenye vikombe vipya. Nikamwambia, sasa umeamini, mama? Akasema hakufa kwa sababu treni haipo. Alikufa kwa sababu treni haikusimama. Hayo ni mambo mawili.

Jumatano, 2 Aprili

Ofisini wamebandika picha mpya kwenye ubao wa matangazo. Ni ile ya Alhamisi. Imetoka vizuri. Kijani kinang'aa, umati umejaa jukwaani, mikono juu. Chini wameandika: Wananchi wafurika kuipokea. Kwenye kona, ukisogea, unaona mwamvuli na ncha ya godoro. Na mwanamke anatembea.

Nilisimama mbele yake mpaka Kimya akaja akanivuta shati.

Jumanne, 8 Aprili

Leo tumeambiwa lililobaki. Nilikuwa nalijua bila kulijua.

Sherehe ni mwezi huu, na ni ya kuaga. Baada yake njia yetu inafungwa. Mizigo inahamia njia mpya ya kule upande wa pili wa milima. Injini ya kijani itakwenda huko pia, itapakwa kijivu. Reli za kwetu zitang'olewa zikauzwe. Vijana watahamishwa. Sisi wengine "tutapumzishwa." Meneja alilisema neno hilo akitazama viatu vyake. Kumbe miaka mia ilikuwa arobaini ya marehemu, na sisi tulidhani ni sherehe ya kuzaliwa.

Ijumaa tunashusha mabehewa ya mwisho kutoka machimboni. Baada ya hapo ni wageni wa heshima na hotuba.

Nilimpigia mama. Safari hii sikutaka asikie kwa wauza karanga. Nilimwambia yote: inafungwa, reli zinang'olewa, hata ya mizigo haitapita tena. Nilimwambia auze vikombe, arudishe cherehani kama bado ipo.

"Kwa hiyo imebaki Ijumaa tu," akasema.

"Ijumaa tu."

"Mchana au jioni?"

Nikamwambia mchana. Akaniaga vizuri, akaniombea dua kama anavyofanya siku zote. Ni baadaye, nikiwa navua viatu, ndipo nilipojiuliza kwa nini aliuliza saa.

Nilifikiria kumwambia kontrola, yule anayetuongoza kwa redio. Sikumwambia. Ningesema nini, kwamba mama yangu ameniuliza saa?

Alhamisi, 10 Aprili

Machimboni. Tunalala hapa, kesho tunashuka. Kimya hajaongea tangu asubuhi. Nimemuuliza ana nini. Akasema anajaribu kuishi kama jina lake.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika nikiwa kwenye kiti cha dereva. Stesheni ya Kwetu. Tumesimama.

Niliwaona kwenye kona. Nilidhani ni mifugo kwenye reli. Kimya ndiye aliyetambua — watu, akasema, watu, watu, wamekaa! Nikatia breki ya dharura. Treni hii haisimami, inabembelezwa. Ilipiga kelele njia nzima, makontena yakagongana nyuma, Kimya alikuwa anapiga honi na mimi nilikuwa nasema maneno ambayo sitayaandika. Walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao katikati ya reli, na hawakuinuka. Hakuna hata mmoja aliyeinuka. Tulisimama hatua chache kutoka kwa yule wa mbele. Yule wa mbele alikuwa mama yangu.

Nikashuka nimpige. Naandika ukweli. Nilikwenda pale nimpige mama yangu mzazi. Yeye akanipa mkono nimwinue, akisema magoti yamekufa ganzi.

Nilitegemea fujo. Mawe. Hakuna. Wamepanga foleni. Stesheni Masta amevaa koti lake la kazi, vifungo vyote, anawaelekeza: wagonjwa kwanza, wenye watoto, halafu wengine. Wanapanda mabehewa bapa yaliyo matupu. Wanapeana mikono. Fundi cherehani anavuta watu juu. Kuna mwanamke mwenye mimba kubwa, wamemtandikia mkeka ubavuni mwa kontena asipigwe na jua. Kuna mtu mwenye bandeji machoni. Mama mdogo naye yupo, na nguo ile ile ya safari. Nilimuuliza anakwenda wapi sasa. Akasema hajui, lakini alikuwa ameshafunga mizigo.

Nimesimama juu ya kokoto nikawaambia wote, kwa sauti: hii ni ya mwisho. Nikiwapeleka hakuna ya kuwarudisha. Juu ya mabehewa haya ni hatari, hakuna pa kushika. Wamenisikiliza. Mtu mmoja akajibu kutoka juu kwamba wanajua. Hakuna aliyeshuka. Tena walisogea, wengine wapate nafasi.

Hawaamini tena kwamba treni imerudi. Nilikuwa nadhani nikiwaondolea ile imani watabaki nyumbani.

Kontrola anaita kwenye redio. Nimemjibu mara moja, nikamweleza hali. Akasema nisisogee, polisi wako njiani, watawashusha. Barabara imekatika bondeni, sijui polisi watapita wapi. Meneja naye amepiga simu ya mkononi. Sikupokea. Kimya amepokea yake, amesikiliza, amesema "ndiyo bosi," amekata, amezima. Sasa amekaa ngazini. Amenitupia jicho mara moja, jicho la kuuliza.

Mama amepanda humu ndani. Amekaa kwenye kiti cha Kimya, mkoba mapajani. Ameuliza kiyoyozi kinazimwaje, kinamtia baridi. Ameuliza skrini hizi zinaonyesha nini. Nimemwambia uzito tunaovuta na breki zilivyo. Ameuliza kama uzito wa watu nao unaonekana humo. Nimemwambia hapana, mama, kwa treni kama hii watu hawaonekani.

Akanitazama nikiandika. Akasema, "Mimi sishuki, baba. Wakija waambie hukuniweza."

Nikisogea hata kidogo, nimekwisha, na Kimya na watoto wake. Mtu mmoja akianguka huko nyuma ni mimi niliyemuua. Nisiposogea, polisi watawavuta miguu mbele ya macho yangu, na mama yangu atakuwa wa kwanza. Nikikimbia kwa miguu, nitakuwa nimekimbia nyumbani.

Stesheni Masta amekuja chini ya dirisha. Amenipigia saluti. Amesema, kwa sauti ile ya kikazi, kwamba abiria wote wamepanda na njia iko wazi. Kisha amerudi mahali pake ukingoni mwa jukwaa, amefungua bendera ya kijani iliyopauka, ameiinua.

Bado ameiinua. Redio inaita. Mkono wake umechoka, sasa ameushikilia kwa mkono wa pili, na hanitazami, anatazama reli mbele kama kanuni inavyosema, anangoja honi yangu.